Mcheza Kwao: Ujana wa Eusébio wa Mafalala, 1942–1962

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii imetoka katika uwanja wa ngoma. Mchezaji huingia katikati ya watu wanaomjua, waliomlea na kumwona akikua. Na anapocheza vizuri, jamaa zake hutoka mmoja mmoja, huyu akambandika fedha kipajini, yule akamvika kanga mabegani. Maana yake ni wazi kwa kila anayekijua Kiswahili. Lakini methali ina sharti ndani yake, nalo ni kwamba mchezaji lazima awe na kwao, na huko kwao lazima pawe na uwanja wake. Je, asiyekuwa na uwanja kwao atatunzwa na nani?

Swali hili nataka kulichungua kwa kufuata miaka ya kwanza ya mchezaji mmoja wa mpira wa miguu, aliyezaliwa katika pwani hii yetu ya Bahari ya Hindi, mbali kusini ya Mto Ruvuma, katika nchi ambayo wakati ule haikuhesabiwa kuwa nchi. Jina lake ni Eusébio da Silva Ferreira. Dunia humkumbuka zaidi kwa mwaka 1966, alipofunga mabao 9 katika Kombe la Dunia kule Uingereza, manne kati ya hayo katika mchezo mmoja dhidi ya Korea ya Kaskazini. Mimi sitafika huko ila kwa kugusa tu. Nitakoma mwaka 1962, alipokuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, maana kufikia hapo mambo yote makubwa ya maisha yake yalikuwa yamekwisha kukatwa, na mengi yalikatwa na watu wengine.

Habari za mchezaji kijana aghalabu husimuliwa kama habari za mbegu: palikuwa na kipaji, kikanyeshewa na mvua, kikaota. Masimulizi ya namna hii hupendeza, lakini humficha msomaji jambo kubwa. Mbegu haiulizwi inataka kupandwa shamba la nani. Kijana mwenye kipaji naye haulizwi mara nyingi; ila wapo wanaogombea shamba, wapo wenye karatasi, na yupo anayetakiwa kutia sahihi. Katika habari za Eusébio aliyetia sahihi alikuwa mama yake, na nadhani historia haijampa mwanamke huyo haki yake.

Eusébio alizaliwa tarehe 25 Januari, 1942, katika mji wa Lourenço Marques, ambao tangu mwaka 1976 unaitwa Maputo. Baba yake, Laurindo António da Silva Ferreira, alikuwa mzungu kutoka Angola aliyefanya kazi katika reli. Mama yake, Elisa Anissabeni, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Baba alikufa kwa pepopunda mtoto akiwa na umri wa miaka 8, na tangu hapo mzigo wa nyumba yenye watoto wengi ukaangukia mabega ya mama peke yake.

Waliishi Mafalala. Inafaa tulitue kidogo jina hilo, kwa sababu mtaa huu haukuwa mtaa wa kawaida. Lourenço Marques ulikuwa mji uliogawanyika sehemu mbili. Palikuwa na mji wa saruji, wenye barabara pana na taa, makao ya walowezi. Na pembezoni palikuwa na mitaa ya mbao na mabati, ambako Waafrika na machotara waliruhusiwa kukaa lakini hawakuruhusiwa kujenga nyumba za mawe, ili ardhi isije ikawa yao kabisa. Mafalala ulikuwa mpakani mwa sehemu hizo mbili. Watu wa kusini walichanganyika humo na Wamakua waliotoka kaskazini pamoja na Wangazija, na adhana ya msikiti ikasikilikana karibu na kengele ya kanisa. Mtaa huo mmoja mdogo ulimlea mshairi José Craveirinha, ukamkalisha Samora Machel, na ukamtoa Eusébio. Mtaa uliotoa mshairi, mkombozi na mchezaji haukuwa maskini wa kila kitu.

Katika vichochoro vya mtaa huo watoto walicheza miguu mitupu. Mpira walitengeneza wenyewe kwa soksi kuukuu zilizoshindiliwa magazeti na matambara. Mpira wa namna hiyo haudundi vizuri, na juu ya mchanga huenda usikotazamiwa. Kwa hiyo anayeujua huo huuona mpira wa ngozi kuwa mnyenyekevu mno. Watoto wa Mafalala walikuwa na timu yao waliyoiita Os Brasileiros, yaani Wabrazili, na kila mmoja alijipa jina la mchezaji wa Brazili. Jambo hili si la kupita hivi hivi. Watoto wa koloni la Ureno walipotafuta watu wa kuwaiga, hawakuwaiga Wareno. Waliangalia ng’ambo ya bahari nyingine, wakaona nchi iliyozungumza lugha ile ile ya mtawala, lakini ambayo watu weusi walivaa jezi ya taifa lililokuwa huru tangu 1822. Mchezo wa watoto ulikuwa umekwisha kuchagua ukoo.

Mchezo uliopangwa na wakubwa ulikuwa na mipaka yake. Tangu miaka ya 1920 Waafrika wa Lourenço Marques walikuwa na chama chao cha kandanda, chenye mashindano yake, mbali na ligi ya mji wa saruji. Hakikuwa chama cha watu wasiojua mchezo. Bali kilikuwa chama cha watu wasiofunguliwa mlango. Katika miaka ya 1950 mlango ulianza kufunguliwa kidogo, si kwa huruma, bali kwa kuwa vilabu vikubwa viliona faida. Mwaka 1951 Sebastião Lucas da Fonseca, aliyejulikana kwa jina la Matateu, alitoka Lourenço Marques kwenda kuichezea Belenenses ya Lisbon, na mabao yake yakawafumbua Wareno macho. Mwaka 1954 Mário Coluna, mzaliwa wa kisiwa cha Inhaca, akaenda Benfica. Mwaka 1958 Hilário da Conceição, kijana wa mitaa ile ile ya mabati, akaenda Sporting ya Lisbon. Eusébio basi hakuwa wa kwanza kuipita njia hiyo. Alikuta nyayo.

Njia yenyewe ilitengenezwa hivi. Vilabu vikubwa vya Lisbon vilikuwa na matawi yao makoloni. Sporting ya Lourenço Marques ilikuwa tawi la Sporting ya Lisbon, na Desportivo ya mji huo huo ilikuwa na uhusiano wa namna hiyo na Benfica. Tawi liliiga rangi na desturi za shina. Na ikawa ada kwamba tunda zuri likiiva tawini, shina ndilo linalolila. Huu ndio mfano wa ukoloni wenyewe. Pamba na korosho zilisafiri kwa meli kwenda Ureno. Mabeki na washambuliaji walikwenda vile vile, tofauti ikiwa kwamba korosho haikuwa na mama wa kuulizwa.

Kijana Eusébio aliipenda Desportivo, na kupitia kwake aliipenda Benfica. Alikwenda kujaribiwa Desportivo wakamkataa. Hivyo akiwa na umri wa miaka kama 15 akaangukia Sporting ya Lourenço Marques, klabu ambayo, kama alivyosema mwenyewe katika uzee wake, haikupendwa mtaani kwao kwa sababu ilihesabiwa kuwa ya wakubwa na ya polisi. Akaichezea bila kuipenda, na akaichezea vizuri kupita kiasi. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi humpa mabao 77 katika michezo 42. Hata ukiipunguza hesabu hiyo, inabaki ya kutisha kwa mtoto ambaye bado hajaota ndevu sawasawa.

Hapo ndipo mama Elisa anapoingia katika historia. Eusébio alisimulia kwamba alipokuwa na miaka 15, mlinda lango mmoja wa zamani wa Italia, aliyekuwa akiitafutia Juventus wachezaji, alimwona na kuishauri klabu yake imchukue kabla hajajulikana. Ombi lilipoletwa nyumbani, mama hakutaka hata kulisikia. Tulitafakari jambo hili. Mjane mwenye watoto wengi, katika nyumba ya mabati, aletewa habari za fedha za Ulaya, naye akatae kwa kuwa mtoto ni mdogo. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, liliweka mwaka 2001 kanuni ya kuzuia wachezaji walio chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, baada ya kuonekana kwamba watoto wengi, wakiwamo wa Afrika, walikuwa wakichukuliwa na kutupwa. Mwanamke wa Mafalala aliitangulia kanuni hiyo kwa miaka zaidi ya 40, tena bila mwanasheria wala kikao.

Mwaka 1960 habari za kijana huyu zilifika Lisbon kwa njia ya kuzunguka. José Carlos Bauer, aliyeichezea Brazili katika Kombe la Dunia la mwaka 1950, alikuwa katika ziara na timu ya Kibrazili mjini Lourenço Marques, akamwona. Bauer alipopita Lisbon akamweleza mwalimu wa Benfica, Béla Guttmann, Myahudi wa Hungaria ambaye aliwahi kuwa naye São Paulo. Husimuliwa kwamba mazungumzo yao yalikuwa katika kinyozi. Ikiwa ni kweli au ni pambo la wasimulizi, matokeo yake hayana shaka: Benfica ilituma watu Lourenço Marques kabla mwaka haujaisha.

Sasa klabu mbili za Lisbon zikamgombea kijana mmoja. Ni vizuri kuweka sawasawa kile kila mmoja alichokileta. Sporting ilikuwa na hoja ya tawi na shina: kijana ni wetu, anacheza katika nyumba yetu, aje Lisbon kama chipukizi, ajaribiwe, apate uzoefu, bila malipo. Benfica haikuwa na hoja ya nasaba, kwa hiyo ilileta hoja ya fedha, na ikaileta nyumbani. Kwa masimulizi ya Eusébio, watu wa Benfica walikwenda kuzungumza na mama yake na kaka yake, wakataja kiasi cha malipo kwa mkataba wa miaka 3. Kaka akadai maradufu. Benfica ikakubali. Mkataba ukatiwa sahihi na mama, na fedha akapokea yeye.

Kaka yule aliyedai maradufu hatajwi sana, lakini mimi namhesabu katika watu muhimu wa kisa hiki. Katika koloni ambalo bei ya pamba iliwekwa na mnunuzi, na mkulima akaambiwa tu, yupo Mwafrika aliyekaa mezani na mnunuzi akataja bei yake mwenyewe, na ikalipwa. Alikuwa amefahamu jambo ambalo wengi waliofuata baadaye hawakulifahamu: kwamba mahali wanunuzi wanapokuwa wawili, mwenye mali hupata sauti.

Sahihi ya mama nayo haikuwa adabu tu. Kwa sheria ya Ureno ya wakati ule mtu alihesabiwa mzima kisheria alipotimiza miaka 21. Eusébio alikuwa na miaka 18. Mikono yake ilikuwa mikono ya mtoto machoni pa sheria, ingawa miguu yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mzima. Huu ndio ukinzani unaomkabili kila mchezaji kijana wa kulipwa, mahali popote na zama zozote: kazi yake humdai utu uzima kabla ya wakati, na haki zake hubakia za mtoto. Pengo lililopo baina ya mambo hayo mawili lazima lizibwe na mtu. Likizibwa na mzazi mwenye busara, ni heri. Likizibwa na dalali, basi tena.

Akasafiri mwezi Desemba, 1960. Safari ilifanywa kwa siri, kwa kuwa Benfica iliogopa Sporting isije ikamnyakua njiani, hata katika simu akapewa jina la kike la kubuni. Alipofika Ureno alifichwa kwa muda katika hoteli huko Algarve, kusini ya nchi, mpaka vumbi litulie. Vumbi halikutulia upesi. Sporting ilipinga uhamisho, na karatasi za uandikishaji zikakwama hata mwezi Mei, 1961. Kwa miezi mitano kijana alifanya mazoezi na watu waliokuwa wakijiandaa kuwa mabingwa wa Ulaya, akiwashinda wengi wao mazoezini, lakini siku ya mchezo akakaa pembeni. Alikuwa katika baridi ambayo hakuwahi kuijua, katika mji ambao hana jamaa, na mpira wenyewe, ambao ndio sababu ya kuja, amezuiliwa.

Ni nani aliyemtunza katika miezi hiyo? Lugha yetu ina siri nzuri katika neno hili. Kutunza ni kumpa mtu tuzo kwa kazi aliyoifanya. Na kutunza ni pia kumwangalia mtu asiharibikiwe. Klabu iliweza kutoa la kwanza. La pili mama Elisa alilipanga kwa njia yake. Inasimuliwa kwamba kijana alikuja na barua ya mama kwa Mário Coluna, ikimwomba amwangalie mtoto. Coluna alikuwa amemzidi umri kwa miaka 6 na zaidi, na alikuwa mtu mzito katika timu. Akaupokea uwakilishi huo kama mtu wa kwao anavyoupokea. Alimsaidia katika mambo ya fedha na benki, akamwonesha mji, akamweka katika nidhamu. Na Eusébio, hata baada ya kuwa mashuhuri kumshinda, aliendelea kumwita Bwana Coluna, kama desturi ya mdogo kwa mkubwa. Basi kumbe Lourenço Marques haikubaki nyuma yote. Sehemu yake ilikuwa imemtangulia Lisbon, ikimngoja.

Karatasi zilipofunguka, mambo yalikwenda kwa kasi. Tarehe 23 Mei, 1961, alicheza kwa mara ya kwanza katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Atlético, akafunga mabao 3. Tarehe 31 Mei Benfica iliishinda Barcelona 3-2 mjini Bern, Uswisi, ikawa bingwa wa Ulaya bila yeye. Siku iliyofuata, tarehe 1 Juni, shirikisho la Ureno lilikataa kuahirisha mchezo wa kombe la nchi, na Benfica, ambayo wachezaji wake wakubwa walikuwa bado hawajarudi, ikalazimika kuwapeleka wachezaji wa akiba Setúbal kupambana na Vitória. Huo ndio mchezo rasmi wa kwanza wa Eusébio. Alifunga bao, akakosa penalti, na timu yake ikafungwa 4-1 na kutolewa. Napenda mwanzo huu ukumbukwe, maana wanaoandika habari za mashujaa hupenda kuuruka. Mwanzo wake rasmi ulikuwa kushindwa, siku ambayo klabu yake yote ilikuwa ikisherehekea kwingine.

Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Juni, mjini Paris, Benfica ilicheza na Santos ya Brazili, timu ya Pelé. Santos ilikuwa imekwisha kuongoza kwa mabao mengi Guttmann alipomwingiza kijana wake. Alifunga mabao 3. Mchezo ukamalizika 6-3 kwa ushindi wa Santos, na watu wakatoka uwanjani wakiwa na majina mawili kinywani badala ya moja. Mtoto wa timu ya mtaani iliyojiita Wabrazili alikuwa amekutana na Wabrazili wenyewe.

Kukutana huko kunatupa nafasi ya kulinganisha. Pelé alianza kuichezea Santos mwezi Septemba, 1956, akiwa na miaka 15. Akaichezea Brazili mwaka 1957 akiwa na miaka 16. Na akawa bingwa wa dunia kule Sweden mwaka 1958 akiwa na miaka 17. Yeye alikaa na Santos mpaka mwaka 1974. Vilabu vya Ulaya vilimtaka sana, lakini nchi yake ilimshika, ikamhesabu kama hazina. Hapana shaka kushikwa huko kulikuwa na ubaya wake kwa mtu mwenyewe. Lakini uwanja wake ulikuwa kwao: mtoto wa Santos aliweza kulipa kiingilio akamwona Jumapili. Mtoto wa Mafalala hakuweza kumwona Eusébio ila kwa kusikia sauti katika redio. Pelé na Eusébio walilingana kwa miguu, bali hawakulingana kwa nchi. Mmoja alikuwa na taifa la kumzuia. Mwingine alikuwa na dola ya kumchukua. Na baadaye Eusébio alisema kwamba vilabu vya Italia vilipomtaka katika miaka ya 1960, Salazar, mtawala wa Ureno, hakumruhusu aondoke. Hivyo akawa hazina naye, lakini hazina ya nyumba ambayo hakuzaliwa.

Tarehe 8 Oktoba, 1961, akiwa na miaka 19, alivaa jezi ya Ureno kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa kufuzu dhidi ya Luxembourg. Alifunga bao, na Ureno ikafungwa 4-2. Hapa pana jambo la sheria ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kulifahamu. Tangu mwaka 1951 Ureno ilikuwa imeacha kutumia neno koloni katika sheria zake; Msumbiji na Angola ziliitwa majimbo ya ng’ambo, kana kwamba bahari ni mto tu unaopita katikati ya shamba moja. Kwa maneno hayo, mchezaji wa Lourenço Marques hakuwa mgeni. Lakini wakati ule ule sheria nyingine iliwagawa watu wa majimbo hayo kuwa wenyeji wasio na uraia kamili na wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Nayo ilifutwa mwezi Septemba, 1961, mwezi mmoja tu kabla ya mchezo wa Luxembourg. Haikufutwa kwa sababu ya mpira. Ilifutwa kwa sababu Angola ilikuwa inawaka moto tangu Februari na Machi mwaka ule, na Ureno ilitaka kuuonesha ulimwengu uso mwingine. Jezi ya Eusébio ilikuwa sehemu ya uso huo, atake asitake.

Sasa tufike Amsterdam. Tarehe 2 Mei, 1962, miezi mitatu na siku chache baada ya kutimiza miaka 20, Eusébio alicheza fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Real Madrid ya Di Stéfano na Puskás. Madrid iliongoza 2-0, kisha 3-2 wakati wa mapumziko, mabao yote matatu yakiwa ya Puskás. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha. Kisha Eusébio akafunga penalti, na dakika chache baadaye akafunga bao la tano. Benfica ikashinda 5-3. Kati ya mabao yale matano, manne yalifungwa na watu waliozaliwa makoloni: mawili ya Eusébio, moja la Coluna, na moja la José Águas, mzaliwa wa Angola. Mlinda lango, Costa Pereira, alikuwa mzaliwa wa Nacala, kaskazini ya Msumbiji. Kombe lilipandishwa ndege kwenda Lisbon.

Husimuliwa kuwa jambo alilolitamani kijana siku ile kuliko kombe lilikuwa jezi ya Di Stéfano, ambaye alimwona kuwa mkubwa wa wote. Na kwa kuwa aliona haya kuiomba, akamtuma Bwana Coluna amwombee. Alipoipata aliishika kwa nguvu isimtoke katika msongamano wa watu. Aliyekuwa ameiangusha Real Madrid alikuwa bado ni mdogo anayehitaji mkubwa wa kumsemea.

Kabla ya miezi miwili kupita, tarehe 25 Juni, 1962, Wasumbiji wengine walikutana mjini Dar es Salaam wakaunganisha vyama vyao kuwa Frelimo, na wakamchagua Eduardo Mondlane kuwa rais wao. Vita vya ukombozi vilianza mwezi Septemba, 1964, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni, 1975. Sitaki kulazimisha uhusiano usiokuwapo: Eusébio hakuwa mwanasiasa, wala hakuna haki ya kumdai kijana wa miaka 20 majibu ya maswali ambayo wazee walikuwa bado wakiyatafuta. Lakini msomaji akiziweka tarehe hizi mbili pamoja ataona kwamba katika masika ile moja palikuwa na Msumbiji mbili zilizosimama mbele ya dunia. Moja ilivaa jezi nyekundu ya Benfica na ilishangiliwa kwa jina la Ureno. Nyingine ilikaa katika mji wetu ikitafuta jina lake yenyewe.

Kutokana na hayo pametoka maneno mawili yanayoshindana. Wapo wasemao kwamba Eusébio aliibwa. Kwamba Ureno ilichukua mali ya Msumbiji ikaipamba kama yake. Wapo wengine wasemao kwamba Ureno ilimwokoa. Kwamba kama si Lisbon angalibaki mchezaji wa vichochoro. Maneno yote mawili yana ukweli kidogo, na yote mawili yana kosa moja. Yanamfanya kijana na jamaa zake kuwa vitu: huyu kitu kilichoibwa, yule kitu kilichookolewa. Hayaoni kwamba palikuwa na mama aliyekataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili. Kaka aliyetaja bei. Barua iliyotafuta mlezi kabla mtoto hajafika. Na mtu wa kwao aliyeipokea. Dola ilikuwa na nguvu kuliko wao, na mpango mkubwa hawakuuweka wao. Hata hivyo ndani ya mpango huo walijitengenezea chumba kidogo cha hiari, na ndani ya chumba hicho mtoto akapona.

Naamini kwamba hapo ndipo penye faida ya kisa hiki kwa zama zetu. Vijana wa Afrika wanaondoka mpaka leo kwenda kucheza ng’ambo, wengi kuliko zamani. Wapo wanaofanikiwa, na wapo wanaoachwa na madalali katika miji migeni bila mkataba wala nauli. Wanaolinganishwa nao kila siku ni Eusébio wa mabao. Ingefaa walinganishwe na Eusébio wa karatasi: nani alizungumza kwa niaba yake, nani alisoma mkataba, fedha alipewa nani, na alipofika, nani alikuwa akimngoja. Maswali haya manne si ya kandanda, lakini ndiyo yaliyoamua kama kandanda yake itakuwako.

Eusébio alifariki Lisbon tarehe 5 Januari, 2014, na Ureno ikaomboleza siku tatu. Mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa katika jengo la kitaifa la mashujaa mjini humo. Coluna, mlezi wake, alikuwa amerudi Msumbiji baada ya uhuru, akaongoza shirikisho la mpira la nchi hiyo, na akafariki Maputo mwezi Februari, mwaka ule ule wa 2014, majuma machache baada ya yule aliyeachiwa kumwangalia. Mmoja alizikwa ugenini kwa heshima ya mwenyeji, na mwingine alirudi.

Methali basi inasimama, lakini inataka kusomwa kwa makini. Tuzo mtu aweza kuipata mahali popote penye fedha na makelele. Matunzo hutoka kwao. Na asiyekuwa na uwanja kwao, ambaye lazima avuke bahari ili acheze, huyo hana budi kusafiri na sehemu ya kwao: barua mfukoni, na jina la mtu wa kuikabidhi.